Panya Aliyesahau Njia ya Karanga

Mama yangu hakuwahi kuwasamehe wale panya. Watoto wa wenzake walishuka mjini wakawa makarani na madereva. Mimi, kitindamimba wake, ambaye kwa desturi yetu nilitakiwa kubaki Machame nirithi nyumba na kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, nilishuka Moshi kufuga panya. Tena panya weupe, wanaokula kwa ratiba. "Sisi huku tunawaua," aliniambia, "wewe unawapikia."

Sikuwa nawapikia. Nilikuwa mtunzaji wa wanyama katika maabara ndogo, miaka ile ya tisini, na bosi wangu alikuwa daktari mtafiti, mwanamke mpole aliyependa kueleza mambo. Alikuwa akichunguza kisehemu kidogo kilicho katikati ya ubongo, kiitwacho septamu. Aliniambia kazi yake mojawapo ni kupeleka mapigo kwenye sehemu inayotunza kumbukumbu, kama kengele ya shule: isipolia, walimu wapo, wanafunzi wapo, lakini masomo hayaanzi.

Panya mzima alijifunza haraka. Tulimweka kwenye vichochoro vya mbao, karanga ikiwa mwisho wa kimojawapo, na baada ya siku chache alikuwa akienda moja kwa moja. Alijiongoza kwa vitu vya chumbani: dirisha, kabati, koti langu lililotundikwa ukutani. Siku moja nililitundika koti upande mwingine, panya wakachanganyikiwa, nami nikagombezwa kweli kweli. Yule aliyeharibiwa septamu alikuwa habari nyingine. Kwanza alikuwa mkali. Ukimgusa tu anaruka, anang'ata glavu. Halafu vichochoro vilimshinda. Koti lipo mahali pake, kabati lipo, naye anarudi kwenye kichochoro kile kile kitupu alichotoka sasa hivi.

Mama alianza kusahau mambo mwaka ule watu wa kwetu walipong'oa kahawa. Wanunuzi binafsi walikuwa wamekuja kwa mbwembwe, kisha bei ikaanguka, na kila uliyekutana naye alikuwa anaimba nyanya. Nilipanda nyumbani Krismasi, kama Mchaga yeyote mwenye nauli, nikamkuta mama anarudia maswali. Nikaona nimsaidie. Nikatafuta watu wawili, tukaing'oa mibuni yote iliyokuwa kati ya nyumba na mfereji, ile aliyoipanda na marehemu baba, tukapanda nyanya. Alisimama mlangoni akatutazama. Mwezi wa kwanza nikashuka mjini nikijiona mtoto wa maana.

Wiki chache baadaye jirani yetu aliniandikia barua. Mama alikuwa amepotea. Alitoka kwenda kuchota maji mferejini, umbali wa kutupa jiwe kutoka mlangoni kwake, wakamkuta jioni kwenye shamba la watu, ndoo mkononi, akilia kwa hasira na kumpiga kila aliyemgusa.

Niliisoma barua ile nikiwa nimesimama mbele ya vizimba, na koti langu liko ukutani. Mimi niliyegombezwa kwa kuhamisha koti moja nilikuwa nimemhamishia mama yangu chumba kizima.

Hospitali walisema ubongo wake unachakaa. Sikuwahi kujua ni sehemu gani iliyoharibika, na sitajifanya najua. Nilimuuliza bosi wangu habari za panya tu, maana niliona aibu kusema namuulizia nani.

"Daktari, ule ukali huwa unaisha?"

"Unaisha, ukimshika kila siku. Polepole, na mkono ule ule."

"Na njia?"

Akainamia karatasi zake. "Njia hairudi."

Nikaomba likizo nikapanda. Siku ya kwanza nilipomshika mkono, mama alinizaba kofi. Sikuacha. Kila asubuhi tulitoka mlangoni tukaenda mpaka mferejini, tukipita katikati ya zile nyanya alizozidharau, tukarudi, tukaenda tena. Baada ya siku kumi hivi aliacha kunipiga. Baadaye akawa ananyoosha mkono yeye mwenyewe, kabla sijamwomba. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, aniite lile jina langu la utotoni. Nilikitaka kuliko chochote nilichowahi kukitaka, na mpaka leo nakitaka.

Asubuhi ya mwisho ya likizo tulikaa juu ya jiwe kando ya mfereji. Mlima ulikuwa umejifunika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mbe," akajibu, kwa lile neno la heshima tunalompa mwanamume mzima. "Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa hapa hapa, mama."

Akacheka kwa adabu, kama unavyomchekea mgeni aliyekosea nyumba, lakini mkono wangu hakuuachia.

"Hapa kuna wa kwangu yule wa mwisho," alisema. "Yuko mjini, anafuga panya. Atakuja Krismasi. Nimewaambia kahawa isiguswe mpaka aje, maana ni yake."

Nikamuuliza kama anamkumbuka sana huyo mwanawe.

"Sana," akasema, akaubana mkono wangu. "Kaa kidogo, tumsubiri."

Nikakaa.