Mhadhara wa Iringa na Mzee wa Dirishani

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri basi la Iringa liliondoka Mbeya, Ambilikile akiwa mbele kando ya dereva, mimi benchi la tatu. Nauli yake ililipwa na chuo kikuu. Yangu niliitoa mfukoni.

Nieleze kwanza kwa nini mimi, fundi saa, nilifunga duka nikasafiri. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kikitoa mihadhara ya kuwaheshimu mabibi wawili wa Kizungu, dada wa tumbo moja, mabingwa wa elimu ya jamii, ambao zamani walizunguka nyanda zetu wakiandika habari za ndoa na ukoo. Mhadhara wa mwisho ungetolewa Iringa, na mtu mmoja wa Mbeya angejibu kwa niaba ya wenyeji. Kitabu cha mabibi wale mimi nimekisoma mara tatu, kamusi mkononi, bila mwalimu. Niliomba nafasi ile. Wakampa Ambilikile, jirani yangu, aliyekuwa mpishi na mkalimani wao, na ambaye kitabu chenyewe hajapata kukifungua. Nikaamua kwenda, ili akikosea niwepo.

Chimala tulifika jua limekwisha panda. Tulikula wali kwa mama mmoja wa Kisangu, na Ambilikile akawasimulia abiria jinsi bibi mkubwa alivyokuwa akiogopa bata. Wote wakacheka.

"Huyu ndugu yangu anawajua mabibi kuliko mimi," akasema akinionyesha. "Mwulizeni ukurasa wowote."

"Habari za bata hazimo kitabuni," nikasema.

"Basi walisahau kuniuliza."

Mama wa wali akamwongezea kipande cha samaki. Sahani yangu aliiona, akapita.

Kutoka hapo barabara ilikuwa vumbi, kisha baridi. Makambako upepo ulipenya koti langu na sweta chini yake. Ambilikile alilala. Mimi nilirudia hotuba niliyoiandaa, sehemu kwa sehemu, ingawa hakuna aliyeniomba hotuba.

Iringa tuliingia giza limeanza. Mwenyeji wetu, Mzee Kalinga, Mhehe mrefu, alitungoja mlangoni. "Kamwene," akasema, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Wewe ndiye msemaji?"

"Msemaji ni huyu," nikajibu.

Akauachia mkono wangu, akamwendea mwenzangu. Nikabaki na mizigo.

Siku ya pili, saa nane na nusu mchana, tulikuwa ukumbini. Katibu wa mihadhara alitupokea nje, jasho likimtoka. Mkalimani wao alikuwa ameshikwa na homa, lakini walikuwa wamempata Mwalimu Tupokigwe wa shule ya wasichana, na kumbe Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha yule mgonjwa.

Ambilikile alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi. Akaurudisha chini.

Tupokigwe ni mke wa mwanawe. Kwa Wanyakyusa baba mkwe na mkaza mwana hawaonani uso kwa uso, wala mwanamke hatamki jina la mkwewe. Sura ya saba ya kitabu inaeleza jambo hilo kwa kirefu.

"Mzee, ni saa moja tu," katibu akasihi. "Mambo ya nyumbani tuyaweke kando."

"Mabibi zako walikaa kwangu," Ambilikile akasema. "Mke wa mwanangu mkubwa akipita, nao waligeuka pamoja nami kutazama migomba. Hawakuniambia niweke kando."

"Basi tumwombe mwalimu atoke?"

"Akitoka nani atafasiri? Mwache mtoto wa watu afanye kazi." Kisha akanigeukia. "Fundi, ingia wewe. Umejiandaa tangu Mbeya. Nilikusikia ukisema peke yako kwenye basi."

Akazunguka ukumbi, akaketi chini ya dirisha, mgongo ukutani. Nikapanda ngazi zile upesi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Mhadhiri alisoma vizuri, na mwalimu akafasiri bila kukwama. Walipofika kwenye habari za ukwe, mhadhiri akasema kwamba tumebahatika kuwa na mtu aliyewafundisha mabibi mila hiyo, akamtaja Ambilikile. Mwalimu akakatiza tafsiri. Akatazama sakafu.

"Mhadhiri ametaja mtu ambaye mimi siwezi kumtaja," akasema polepole. "Nimeambiwa yuko nje ya dirisha hili. Msimwite, maana akiingia nitakimbia, na hamtapata mkalimani mwingine."

Watu walicheka, kisha wakatulia. Mhadhiri alipoelezwa aliweka karatasi zake mezani. Alisema jambo hilo amelifundisha kwa miaka, na leo ndipo amelikuta.

Nikaitwa kujibu. Nilisema yote niliyoyaandaa, kwa mpangilio, na sikukosea hata mara moja. Nikapigiwa makofi ya adabu. Ndipo Mzee Kalinga akasimama.

"Tumekusikia, Bwana Fundi. Na mzee wa dirishani anasemaje?"

Ilinibidi niende dirishani nimwulize.

"Waambie nashukuru," Ambilikile akajibu kutoka chini. "Na huyo anayefasiri, waambie mwanangu hakukosea kuoa."

Nikayarudia maneno yale kwa sauti. Ukumbi mzima ulisimama. Mwalimu alijifunika uso kwa kitambaa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Hivyo mimi, niliyekwenda kuwa msemaji, nikawa mkalimani wa mpishi.

Keshoye tulirudi Mbeya. Njiani nilimwuliza Ambilikile mambo mengi ambayo kitabuni hayamo, naye akanijibu yote, akila mahindi ya kuchoma. Nilichojifunza ni hiki: sura ya saba naijua kwa moyo, lakini siku ile katibu angeniuliza mimi, ningemshauri amtoe mwalimu. Wivu haujanitoka. Bado naona hotuba yangu ilikuwa nzuri. Mbali na wateja waliopeleka saa zao kwa fundi mwingine, safari ile ilinilia shilingi thelathini na nne na senti hamsini.