Sabuni ya Nanasi

Wenzangu mliolelewa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya majani chai, najua hamjasahau namna tulivyokuwa tukioga. Jumamosi jioni, karai nyuma ya nyumba, maji ya vuguvugu yaliyochemshwa kwa kuni mbichi, na kipande cha sabuni ya kufulia, kile kile kilichofua nguo za wiki nzima. Mama alitusugua magoti kwa jiwe huku akisema, "Hakuna mtoto wangu ataingia kanisani na miguu ya bata." Baridi ya Julai kule juu haina huruma, na upepo ulituletea harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani. Tulitoka hapo ngozi imekakamaa, tukapakwa mafuta ya kupikia, tukakimbilia jikoni kula ugali na chinsaga, mboga chungu ambayo mama alikuja na mbegu zake kutoka kwao Kisii.

Watoto wetu wakisikia hayo wanacheka. Binti yangu Brenda ana sabuni ya uso, nyingine ya nywele, nyingine ya miguu, na akishinda saa nzima bafuni anatoka akilalamika kwamba ngozi yake ni kavu. Pasaka iliyopita alikuja kunitembelea hapa Litein, akaniletea chupa ya sabuni ya maji iliyochorwa nanasi, nazi na maua mekundu.

"Mum, oga na hii," akaniambia. "Utafikiri uko Mombasa."

Niliingia bafuni, nikafungua shawa, nikamimina kidogo kwenye kiganja. Povu lilikuwa laini, na harufu ikapanda na mvuke mpaka ikajaa chumba kizima. Nilitaka kufurahi. Badala yake nikaketi juu ya ndoo, maji yakiendelea kunimwagikia. Sabuni yenye harufu kama hiyo nilikuwa nimewahi kuiogea mara moja tu, nikiwa na miaka kumi, na ilimharibia dada yangu maisha.

Dada yangu anaitwa Moraa. Alikuwa na miaka kumi na saba, amemaliza darasa la nane, karo ya sekondari hakuna, kwa hiyo alichukuliwa kufanya kazi ya nyumbani kwa meneja mmoja wa shamba. Bibi wa meneja, tuliyemwita madam, alimpenda. Alikuwa amemwahidi kwamba Januari angempeleka kusomea ushonaji, na Moraa alikuwa tayari anachora magauni nyuma ya madaftari yangu. Mama alitembea laini nzima akiwaambia majirani kwamba mtoto wake hatachuna majani kama yeye.

Mimi shuleni nilikuwa na shida yangu. Mwalimu wetu alikuwa na mazoea ya kuwaweka watoto wa laini nyuma ya darasa, karibu na dirisha, eti tunanuka moshi. Alisema hivyo akicheka na darasa lote likacheka naye. Wanaosema walimu wa zamani walitulea kama wazazi, mimi huwaacha waseme.

Jumamosi moja nilienda kumsaidia Moraa kukunja nguo. Madam alikuwa ametoka. Moraa alipokwenda kuanika mashuka, niliingia bafuni kwa madam, nikaona chupa ya sabuni ya maji yenye picha ya nanasi. Nilifungua mfereji wa maji moto, nikaoga mwili mzima na nywele. Nikaoga tena. Nilipoona chupa imepungua, nikaijaza maji na kuirudisha pale pale.

Madam alirudi mchana na kwenda kuoga. Alitoka na ile chupa mkononi. Hakupandisha sauti.

"Moraa, nani ametumia sabuni yangu na kutia maji?"

Moraa alikuwa amesimama karibu nami. Nadhani ndipo aliponusa nywele zangu, kwa sababu alinitazama mara moja, kisha akaangalia chini.

"Ni mimi, madam."

Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema. Nilishika kikapu cha nguo na kunyamaza. Moraa alifukuzwa siku hiyo hiyo. Tulipofika nyumbani mama alikuwa ameshapata habari, na alimkaripia nje, majirani wakisikia. "Umenivua nguo mbele ya watu," alimwambia. Mimi nilikwenda kulala mapema, nikisema kichwa kinauma.

Jumatatu Moraa alifungwa kikapu mgongoni, akaenda kuchuna majani na mama. Miaka miwili baadaye aliolewa Merigi na Mkipsigis mmoja, mtu mpole mwenye ng'ombe watatu. Mimi nilisoma mpaka nikawa karani. Kila mama alipokosa kitu nyumbani, hata kijiko, alikuwa akiuliza kama Moraa alikuja. Mama alizikwa akiamini kwamba Moraa ni mwizi.

Siku ya pili baada ya kuogea ile sabuni, nilinunua mkate na sukari nikaenda Merigi. Moraa alikuwa akichambua maharagwe nje na binti yake mkubwa, Chebet, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. Nilimwambia dada kwamba nataka tuzungumze peke yetu.

"Sema hapa," akasema. "Najua ulichokuja nacho."

"Unajua?"

"Kwamboka, nilikunusa siku ile. Nilisema ni mimi kwa sababu mama angekuua kwa fimbo. Nilifikiri ukikua kidogo utasema. Nikangoja ukamaliza shule. Nikangoja ukaolewa. Siku tunamzika mama, nilikuwa nakuangalia ukiongea na watu, nikasema basi, ataongea leo."

Niliomba msamaha. Hakulia, wala hakunishika mkono.

"Si mimi wa kuambiwa," akasema. "Huyu Chebet aliitwa mtoto wa mwizi na nyanya yake, akiwa darasa la tatu. Mwambie yeye."

Nikamgeukia Chebet, nikamweleza yote tangu mwanzo, jinsi nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa ndani ya maharagwe.

"Sawa, anti," akasema. "Nimesikia." Kisha akainuka kwenda kukamua.

Moraa alinipa chai, nikanywa, nikarudi Litein. Simu huwa anapokea nikipiga. Tunaongea habari za mvua.

Tukikutana watu wa rika letu, hatukosi kuwasema vijana. Hawana adabu, wanajibu wazazi, kila kitu wanakisema. Brenda akikosea ananipigia simu siku hiyo hiyo, "Mum, nimeharibu," na hunikasirisha sana. Zamani tulifundishwa kwamba mtoto mzuri ni yule anayenyamaza, na mimi nilikuwa mtoto mzuri sana. Mama alinisifu kwa hilo mpaka siku anakufa.