Rangi za Waya Nilizomusomea Papa

Hata leo nikipita Nyawera, hapa Bukavu, karibu na vijana wanaotengeneza simu, harufu ya lehemu inayoyeyuka hunisimamisha. Inachoma pua kidogo, halafu inaacha utamu mubaya kooni. Watu wananisukuma, wanauliza mama huyu vipi, na miye ninabaki palepale na kikapu changu cha sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu. Naomba muniache niwaeleze ninyi, maana jambo hili sijalieleza kwa mutu yeyote nje ya nyumba yetu.

Papa alikuwa fundi wa simu za ofisi. Si hizi za mufukoni. Zile za mezani, zenye waya, ambapo kila chumba kina simu yake na kuna sanduku moja ukutani linaloamua nani aongee na nani. Sanduku lile tuliliita standard. Ndani yake waya zilikwenda mbili mbili, kila jozi na rangi yake, na rangi ndiyo ilikuambia jozi ile inakwenda chumba gani. Ukikosea rangi, umekosea mutu.

Nilipofika miaka tisa papa alianza kunichukua kazini kila Samedi, yaani Jumamosi. Aliwaambia watu kwamba ananifundisha ufundi, na watu walicheka, mutoto musichana na waya wapi na wapi. Kazi yangu ilikuwa moja tu. Alichuna ganda la kebo, akanishikisha waya, akauliza, "Hii iko rangi gani, mama?" Nikajibu kwa Kifaransa, kama tunavyotaja rangi sisi wote wa Bukavu: bleu ya anga, orange ya chungwa, vert ya majani, marron ya udongo, gris ya majivu. Yeye alirudia kwa sauti ndogo, akalehemu. Nilifikiri ananipima tu, kama mwalimu anayeuliza jambo analolijua, na kusema kweli nilikuwa na kiburi kidogo.

Mwaka ule alipata kazi ya kuweka standard mupya katika ofisi moja kubwa ya Nguba, kule chini karibu na ziwa. Patron, mukubwa wa ofisi ile, alimuahidi kwamba kazi ikitoka vizuri atamuajiri kabisa, awe fundi wa ofisi ile kila siku, na mukataba. Nyumbani mukataba ule tuliuzungumza asubuhi na jioni. Mama alikuwa ameisha kupiga pasi shati ya siku ya kwanza na kuitundika nyuma ya mulango.

Lakini miye nilikuwa na shida yangu. Parokiani nilikuwa nimechaguliwa kuwa joyeuse, mumoja wa wale wasichana wadogo wanaocheza mbele ya altare wakati wa misa, na Pasaka ilikuwa inakaribia. Mazoezi yalikuwa Samedi muchana, na maman aliyetufundisha hakuwa na muchezo: ukikosa mara mbili, unatoka. Nilikuwa nimekosa mara moja kwa sababu ya waya za papa. Samedi iliyofuata nililia, nikagoma kula. Papa akasema, "Leo tu, mama. Bila weye siwezi kumaliza." Niliona ananibembeleza. Nilimufuata nimevimba uso.

Mbele ya sanduku, alipouliza rangi ya kwanza, niliona bleu nikasema vert. Nilitaka anikemee, aseme leo hauna kichwa, rudi nyumbani, nami nikimbie mpaka parokiani. Lakini papa alisema, "Vert. Muzuri," akalehemu. Nilishangaa. Niliona marron, nikasema orange. Akalehemu. Hapo hasira ilinipanda zaidi, maana niliona hanisikilizi hata, basi nikaendelea mpaka jozi ya mwisho, nikizichanganya zote kwa macho makavu. Kwa kawaida tungejaribu simu moja moja, miye chumba hiki, yeye chumba kile, allo, allo. Siku ile courant ya umeme ilikatika kabla hatujaanza. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na mazoezi yalikuwa yameisha.

Lundi, yaani Jumatatu, wakati wa hesabu, papa alitokea kwenye mulango wa darasa na kumuomba mwalimu ruhusa. Tulipanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Nguba. Kule mambo yangekuwa ya kuchekesha kama fundi asingekuwa papa yangu. Patron alimupigia sekretere, akajibiwa na sentinelle, mulinzi wa getini, "Iko nani huko?" Bibi ya comptable, yule wa hesabu za ofisi, alimutafuta bwana wake, akamupata patron mwenyewe, akaanza kumugombeza. Wafanyakazi walijaa kwenye korido wakificha vicheko. Patron hakucheka.

Papa alifungua sanduku. Alizipapasa waya kwa kidole, watu wote nyuma yake. Halafu akasema polepole, bila kunigeukia, "Ya kwanza, mama. Iko rangi gani?"

Nilisogea karibu na sanduku. "Bleu, papa."

Mukono wake ulisimama hewani. Kisha akaikata waya ile na kuihamisha mahali pake. "Ingine?" Nilizisoma zote kwa sauti wazi, bila kukosea hata moja, nikidhani ninamuokoa. Kumbe kadiri nilivyosoma vizuri ndivyo nilivyomufunua. Patron alisogea, akashika waya moja, akamuwekea papa mbele ya uso.

"Na hii? Sema weye mwenyewe."

Papa aliigeuza waya ile kwenye vidole, akaisogeza karibu na macho.

"Unafanya kazi na macho ya mutoto? Na Samedi, nani alikosea?"

"Ni miye, patron. Mutoto alisema muzuri. Mikono yangu njo iliteleza."

Nilifurahi, ndugu zangu, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba hakujua.

Simu zote ziliita siku ile, kila moja mahali pake. Patron alimushukuru papa kwa heshima, akamuambia atatafuta fundi mwingine. Mama aliitoa ile shati nyuma ya mulango, akaikunja.

Papa alikwenda mwenyewe parokiani kumuomba yule maman anirudishe, na Pasaka nilicheza mustari wa mbele. Yeye alikaa kwenye benchi ya tatu, na mama alikuwa anamunong'oneza sikioni misa nzima. Nilidhani wanaongea mambo yao. Sikujua kwamba kwa mwaka muzima papa alikuwa anaziona waya zote rangi ya majivu, na kwamba mama alikuwa anamueleza robe yangu, nguo ile ya kuchezea. Baada ya miaka miwili hakuona hata mulango.

Miaka mingi nilitafuta nguvu ya kumuambia. Nilianza, "Papa, ile Samedi," halafu nikamuuliza kama chai imepoa. Tulimuzika mwaka jana. Siku ya mwisho ya kilio, tukiosha sufuria za wageni, nilimuambia mama kila kitu. Hakushangaa.

"Alijua," mama alisema. "Lundi ile jioni aliniambia: mutoto alinidanganya Samedi, usimuulize. Alitaka kucheza na wenzake, na miye nilimunyima."

Nililia mpaka maji ya sufuria yakapoa. Tangu siku ile ya Nguba papa hakuniuliza tena rangi ya kitu chochote, hata ya shati aliyovaa. Alikaa akimungojea mama atoke sokoni amuambie. Na miye, utoto wangu wote, jambo lile liliniuma, maana nilifikiri haniamini tena. Kumbe alikuwa ananiacha nicheze.