Kopo Lililolia Nikimtazama Masanja

Ipo siku moja ya machimboni Mwakitolyo ambayo mpaka leo nikiikumbuka natoka jasho. Nakusimulia wewe, mwanangu, unayeshinda kwenye simu ukitazama wenzako wanavyokula maisha.

Mimi niliishia darasa la nne, sifichi. Lakini mashine za kusaga mawe ninazo Segese, malori ninayo, na ndege ikishuka Ibadakuli abiria wanaliona bati langu kabla ya uwanja. Sikurithi hata jembe. Kwa hiyo ukisikia nazungumzia ubongo, usicheke. Somo hilo nililipata mdomoni mwa shimo.

Nilikuwa kijana wa winchi. Mzee Ngassa alishuka chini kuchimba, mimi nikabaki juu nazungusha gogo la kamba, namshusha na kumpandisha. Pembeni tulikuwa na kamba nyingine nyembamba, na juu tumeifungia kopo la maziwa lenye kokoto. Mtu wa chini akitaka kupanda anaivuta, kopo linalia. Uhai wake wote uko kwenye kopo hilo.

Winchi ya shimo la jirani alikuwa nayo Masanja. Tulitoka kijiji kimoja, tukapanda lori moja, tukalala chini ya turubai moja. Lakini shimo lao likagonga mwamba wenye dhahabu, letu likaendelea kutoa udongo. Mwanangu, wivu ule ulinikaa kifuani kama kiungulia! Masanja akanunua pikipiki. Masanja akaanza kuvaa saa. Hata Mama Kulwa, aliyetuuzia chakula, ambaye zamani alinibakizia mimi ukoko, sasa akifika na masufuria anaita, "Bosi Masanja kwanza!"

Siku hiyo alimletea sato mzima. Masanja akaketi kando ya winchi yake, sahani magotini, anachambua samaki na kucheka na watu. Nikamkodolea macho. Akaniona.

"Oyaa, punguza macho, utanimalizia samaki!"

Watu wakaangua kicheko. Nikageuza shingo, lakini punde nikajikuta namtazama tena. Ana nini huyu ambacho mimi sina? Nguvu namzidi. Akili namzidi. Hata kuimba namzidi.

Mara Masanja akatupa sahani, akaruka upande wetu. "Bebe, wewe! Kopo lako! Mzee anakufa huko!"

Kopo lilikuwa linatikisika karibu na goti langu. Hewa ya chini ilikuwa imeharibika, na mzee alikuwa amevuta kamba mpaka nguvu zinamwishia. Tukazungusha gogo wote wawili. Alitoka amejifunga kamba kiunoni, kichwa kimelegea. Tukampepea, tukammwagia maji, mwisho akakohoa. Watu wakaenda kumshika mkono Masanja. Na hata hilo nilimwonea wivu: mzee wangu, kopo langu, sifa kachukua yeye!

Jioni nikaenda kwa mzee nikitegemea bakora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Masikio unayo?"

"Ninayo."

"Basi sikiliza. Kichwani kuna mlinzi mmoja tu wa geti. Sauti zote zinakuja kugonga, yeye ndiye anayefungua. Wa kwako leo alikwenda kula samaki wa watu."

Nikajitetea. "Mbona Masanja naye alikuwa anakula na kucheka, na akasikia?"

"Kwa sababu alikuwa anangojea kopo lilie. Lake au langu, kwake kopo ni kopo. Mlinzi wake alishaambiwa nani afunguliwe hata kukiwa na kelele. Wewe wa kwako ulimwagiza amfungulie Masanja tu."

Hakunifukuza. Alipopata nafuu alikuja shimoni, akalisogeza jiwe nililokuwa nakalia: mgongo kwa Masanja, uso kwenye kopo. Akasema, "Shingo yako imekushinda. Kiti hakiwezi kukushinda."

Juzi binti yangu anayesomea udaktari alinieleza jambo hilohilo kwa maneno ya chuo. Macho na masikio, anasema, huleta vitu vingi kuliko ubongo unavyoweza kuvishughulikia, kwa hiyo unachagua kimoja na vingine vinapita. Ukidhani unafanya mawili, unarukaruka tu, na kila ukiruka unachelewa kurudi. Nikamwambia, mama, hayo baba yako anayajua tangu hujazaliwa.

Na usidhani nimepona. Masanja amejenga ghorofa mtaa wa pili, na mimi nyumba yangu ni ya chini. Inaniuma! Lakini asubuhi napita barabara ya nyuma kwenda kwenye mashine zangu, kwa sababu nikiliona ghorofa lile, kazi ya siku nzima inaharibika.

Basi shika haya, mwanangu. Usijiapize kwamba hutatazama. Wivu hugeuza shingo kabla hujaamua. Hama ulipokaa. Simu iache chumba kingine, kazi iweke mbele ya uso. Kabla hujaanza, jiambie unangojea nini, ili kikija ukitambue. Fanya kimoja, kimalize, ndipo uinuke. Na usiku lala, kichwa kilichochoka hakina mlinzi.

Mungu akupe riziki kuliko yangu, na kuliko ya Masanja pia. Na wanaokutegemea, siku wakikuhitaji, akujalie wakukute upo.