Unga wa Mwani na Moyo wa Mama wa Vitenge

Amefariki yule mama wa vitenge wa soko la Jabe, ambaye wasomaji wangu wengi hapa Bujumbura walinunua kwake nguo za harusi. Moyo wake ulisimama Jumapili, akijiandaa kwenda kanisani. Nilipopata habari, Mungu anisamehe, sikuanza na pole. Nilikimbilia jikoni kutafuta kopo la unga wa mwani wa kahawia, kwa sababu mke wangu anakula unga uleule, aliopewa na marehemu mwenyewe, na ana uvimbe shingoni kama aliokuwa nao marehemu. Naandika haya nikiwa na hofu.

Tusiusingizie mwani. Ni chakula kizuri, unalainisha tumbo, na una madini joto ambayo mtu akiyakosa huota rovu, ule uvimbe wa shingo. Sisi wa milimani rovu tunalijua; bibi zetu walilifunika kwa mtandio. Kwa hiyo shemeji wa marehemu alipomletea unga huo kutoka Dar es Salaam, aliupokea kama jibu la sala. Kijiko kimoja kwenye uji kikawa viwili, kisha akaanza kuunyunyiza hata kwenye maharage.

Mara ya mwisho nilipopita mezani pake nilimkuta amekonda, jasho linamtoka asubuhi ya baridi, mikono inatetemeka akikunja kitenge. Nikamuuliza kama anaumwa. "Apana, papa, mi niko muzima," akacheka. "Moyo inakimbia kama ya musichana. Ni ile poda inanipa nguvu." Wauzaji wenzake wakaitikia kwamba kweli amerudi ujanani, na mmoja akamwomba kijiko. Akaniambia pia kwamba muganga, yaani daktari wa hospitali, alimkataza: madini hayo yakizidi huichokoza tezi ya shingo, nayo tezi huupeleka moyo mbio. "Lakini ye haniona hapa soko vile nafanya kazi," akasema, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Sisemi mwani ndio uliomuua. Mimi si daktari, na hakuna aliyeniambia hivyo. Ninachojua ni kwamba muganga alimkataza mara moja, na soko lilimsifu kila siku. Katika mji wetu dawa hupita mkono kwa mkono, kutoka Jabe hadi Bwiza, na aliyepona husikilizwa kuliko aliyesoma. Hata matangani nilimsikia mama mmoja akinong'ona, kopo la marehemu limebaki kwa nani? Niliaga mapema.

Nyumbani nilimwomba mke wangu asiguse unga ule mpaka apimwe shingo. Alikubali, kisha akaniuliza: "Na muganga akinikataza, halafu majirani waseme nimekuwa muzuri, nimekuwa mwepesi, we utasema nini?"

"Nitasema naogopa," nikamjibu.

Hakucheka. Aliuweka mkono wangu kifuani pake, nami nikausikia moyo wake ukienda mbio kuliko wangu. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Nanyi wasomaji wangu, mkimwona mtu amekonda ghafla, anatetemeka na moyo unamwenda mbio, msimsifu. Mshikeni mkono mumpeleke.