Mjomba Aliyeitwa Siloni

Je, wewe ungepanda ndege kwenda nchi usiyoijua, ukamwoe binti wa dada yako, kwa sababu tu marehemu baba yako alikutolea neno hilo ulipokuwa na miaka minne?

Mimi nilijibu siku ile ile mwito ulipokuja kwamba nisingepanda, tena nilijibu kwa kelele, mbele ya tanuri la Palaniyandi hapa Kotagiri, milimani kusini mwa India, wateja wakisikia. Lakini jambo halikuwa langu, lilikuwa la Palaniyandi, naye si mtu wa kelele. Yeye hukanda unga.

Huoka varki, zile biskuti ngumu za tabaka tabaka ambazo watu wa milima hii huzichovya kwenye chai asubuhi, na ambazo wageni hubeba kwa mifuko wakirudi kwao kwenye joto. Tanuri lake ni la kuni za mkaratusi. Mikono yake haina vinyweleo, vyote vimeungua. Mtu akimtukana, anaangalia moto. Mtu akimsifu, anaangalia moto vilevile. Ndiyo maana watu walizoea kumwamulia mambo.

Sisi wa kaloni ya Siloni, mtaa wa familia zilizorudishwa India, tunafanana kwa hilo. Babu zetu walivushwa maji kwenda Siloni, ndiyo Sri Lanka ya leo, kuchuma chai ya Mwingereza, na vizazi vikapita, kisha serikali mbili, ya India na ya Siloni, zikakaa mezani zikagawana watu kama magunia: hawa wenu, hawa wetu. Hakuna mchuma chai aliyeulizwa. Dada yake Palaniyandi, Sellamma, alikuwa ameolewa na mtu wa upande uliobaki. Wazazi wake, pamoja na huyu kitindamimba, wakaangukia upande wa kuondoka. Waliagana kwenye gati la Talaimannar, mwaka ule sisi Watamil tulipokuwa tukichomewa nyumba Siloni, na baba yao akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Sellamma, binti wa kwanza utakayemzaa ni wa huyu," alisema. "Maji yasitutenge."

Kwetu hilo si neno la ajabu. Mjomba ana haki ya kwanza kwa binti wa dada yake. Akimtaka, anamwoa. Asipomtaka, ni yeye anayepaswa kumwachilia kwa kinywa chake, na ndiye atakayemvika shada la maua siku atakapoolewa na mwingine. Harusi haianzi mjomba hajafika. Chuoni Coimbatore niliwahi kuuhutubia mkutano mzima nikiulaani utaratibu huu, nikapigiwa makofi. Binti si kiwanja, nilisema. Bado nasema.

Sellamma alizaa wavulana kwanza, wavulana watupu, na huku kaloni watu wakadhani neno la mzee limekufa lenyewe. Halafu akazaliwa Puvaneswari. Sasa Puvana ana miaka ishirini na sita na hajaolewa. Palaniyandi anakaribia arobaini na hajaoa. Watu walisema anamngoja mpwa wake akomae. Mimi niliyekuwa nikishinda pale tanurini nilijua kwamba alikuwa akingoja kitu kingine. Alikuwa akingoja dada yake aseme, "Basi, mdogo wangu, tumesahau," ili aweze kuvuka barabara.

Maana ng'ambo ya barabara ndiko aliko Pechiyammal, mjane mwenye kibanda cha chai. Varki zinatoka kwa huyu, chai inatoka kwa yule. Kwa miaka sita wamekuwa wakigombana kuhusu ukubwa wa varki kwa namna ambayo kaloni nzima iliielewa isipokuwa wao wenyewe.

Jumapili moja Sellamma akapiga simu. Alipiga kwenye simu yangu, kwa kuwa ya Palaniyandi ni ile ya vitufe.

"Mdogo wangu," alisema, "mwezi wa Thai, katikati ya Januari, tunafanya harusi ya Puvana. Njoo. Usipokuja hakuna harusi. Mtoto huyu amengoja sana."

"Dada, harusi ya..."

"Mambo haya hayasemwi kwenye simu. Njoo, nitakuambia uso kwa uso." Mtandao ukakatika, kama kawaida ya milima yetu.

Palaniyandi alinirudishia simu ikiwa na unga mtupu. "Umesikia?" akaniuliza. "Amengoja sana."

Kabla varki za jioni hazijatoka, kaloni nzima ilikuwa imeshajua. Vellaichamy, kaka yake Pechiyammal, ambaye huendesha pikapu ya kubebea karoti na ana mdomo kuliko honi yake, alisimama mlangoni akapiga saluti.

"Bwana harusi! Utapanda ndege na vumbi hilo la unga? Watapekua mizigo, watadhani umebeba dawa za kulevya."

"Sijasema naenda."

"Usipokwenda utaitwaje? Mtu aliyemwachia dada yake aibu mlangoni. Ukienda, utarudi na mke mdogo na sisi tutakula. Mimi sioni ubaya."

"Ubaya ni kwamba ni mtoto wa dada yake, na ana akili yake," nikadakia. "Amekwisha kuulizwa yeye? Karne hii bado tunagawana wanawake gatini?"

"Msomi ameamka," akasema Vellaichamy. "Kaka Palaniyandi, mpe varki moja anyamaze."

Palaniyandi alinipa varki. Sikunyamaza. Nilimwambia asiende, apige simu, akatae, jambo liishe.

"Unajua kukataa kwa simu ni nini, Ilango?" aliniuliza, akikunja unga mara ya pili na ya tatu. "Baba hakutuachia shamba wala nyumba. Alituachia neno moja, mimi na dada. Ndilo tulilolishika, yeye upande wa kule, mimi upande wa huku. Nikiliachia kwenye simu, dada ataniita nani?"

"Basi nenda umwambie uso kwa uso."

"Nikafike, nikute jukwaa limepambwa, shada liko tayari, wageni wamekaa, nami niseme hapana? Mtoto wa watu atajificha wapi?" Akatupa kuni motoni. "Tena ni nchi gani ile? Mimi naikumbuka miguu tu. Miguu ya watu wazima wakikimbia, na baba ameniziba macho. Huku wananiita Msiloni. Kule wataniita Mhindi. Nitakuwa mgeni katika harusi yangu mwenyewe."

Nilitafuna varki yangu bila chai.

Siku zilizofuata alioka vibaya. Varki zilitoka nyeusi chini na mbichi katikati, wateja wakanung'unika. Pechiyammal aliziangalia, akazirudisha trei nzima, mwenyewe, akivuka barabara na shali yake kichwani kwa ajili ya ukungu.

"Hizi kawape Wasiloni huko uendako," alisema. "Wateja wangu wana meno ya kawaida."

"Pechi, sijaamua."

"Usiniambie mimi. Mimi ni nani? Mimi nauza chai." Akaweka trei chini kwa kishindo. "Lakini nikuulize. Ukikaa, utakaa kwa sababu unataka kukaa, au kwa sababu unaogopa kwenda? Maana mimi nimechoka kungojana na mtu anayeogopa."

Aliondoka kabla hajajibiwa. Palaniyandi alimwangalia mgongo mpaka ukungu ukamficha, hatua chache tu. Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayesoma hukumu yake: "Nitakwenda, Ilango. Nitakwenda nimwoe. Dada asiaibike. Pechi atapata mtu mwenye moyo zaidi."

Nilimtukana. Ndiyo, nilimtukana mtu aliyenizidi umri, nikamwita mjinga, nikamwambia wanasiasa walitukata vipande viwili na yeye sasa anataka kumkata Pechi na yule binti na yeye mwenyewe kwa kisu kile kile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nimpigie dada yake, amwambie anakuja.

Sikupiga. Nilidai hakuna mtandao. Na mchana wa siku iliyofuata, simu ikaita yenyewe.

Ilikuwa ya picha. Kwenye kioo alionekana msichana mwenye macho makubwa, kikapu cha majani ya chai mgongoni, nyuma yake mteremko wa chai usioweza kuutofautisha na wetu.

"Wewe ndiye Ilango? Nipe mjomba. Haraka, mama yuko chini anapimisha majani, akiniona ataniua."

Nilimpelekea simu Palaniyandi, mikono yake ikiwa ndani ya unga, nikaishika mimi mbele ya uso wake. Alimwangalia msichana yule kama anavyoangalia moto.

"Mjomba," alisema Puvana, "nimekuja kukuomba. Usinikasirikie. Mimi... mjomba, mimi namtaka mtu mwingine."

Palaniyandi aliacha kukanda.

"Anaitwa Ravindran. Ni fundi wa magari mjini Hatton. Harusi tunayokuitia ni yangu na yeye. Mama anaogopa kukuambia. Anasema wewe umejinyima mke miaka yote hii kwa ajili yangu, sasa atakuambiaje kwenye simu? Anasema uje kwanza, ule, upumzike, ndipo aanguke miguuni pako akuombe uniachilie. Mimi nikasema hapana, mtu asivuke bahari kwa kudanganywa. Kama utakasirika, kasirikia huko huko."

"Kwa hiyo," alisema Palaniyandi, "wewe, mtoto wa dada yangu, unanikataa?"

Machozi yakamshuka binti wa watu. "Ndiyo, mjomba."

"Sema tena."

"Nakukataa, mjomba. Nisamehe."

Palaniyandi akakaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa juu ya gunia la unga, likatoa wingu jeupe, na ndani ya wingu lile nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka akakohoa, mpaka mteja aliyekuwa dirishani akaanza kucheka naye bila kujua sababu.

"Analia au anacheka?" Puvana aliuliza kwa woga. "Wewe Ilango, amefanya nini?"

"Anacheka," nikamwambia, na mimi mwenyewe nilikuwa nafuta macho.

"Puvana, mwanangu," alisema alipopata pumzi, "miaka yote hii mimi nilidhani ninyi ndio mnaoning'ang'ania. Nilikuwa nangoja mama yako aseme neno moja tu."

"Na mama alikuwa anangoja wewe useme!" Puvana akapiga kelele hadi wachuma chai wenzake wakageuka. "Mungu wangu! Tungezeeka!"

Mara kioo kikatikisika, kikaonyesha mbingu, kisha majani, kisha uso wa Sellamma uliojaa hasira na hofu pamoja. "Amekuambia nini mpuuzi huyu? Mdogo wangu, usimsikilize, mimi nilitaka..."

"Dada," Palaniyandi alimkatiza, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumkatiza mtu. "Namwachilia. Umesikia? Kwa kinywa changu, na Ilango shahidi. Binti yako ni huru."

Upepo wa kule ukasikika. Kisha Sellamma akauliza kwa sauti ndogo kabisa: "Basi hutakuja?"

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikiogopa muda wote, maana ndicho hicho hicho Palaniyandi alichokuwa akikiogopa: kumpoteza ndugu yake.

"Nisije? Nani mwingine atamvika shada? Umkodishie mjomba wa bandia? Nitakuja, dada. Na huyo fundi mwambie nitamkagua kama ninavyokagua kuni."

Sellamma akaanza kulia, na tukaelewa kwamba yeye pia alikuwa akilia kwa kuondokewa na mzigo, kwani katikati ya kilio aliuliza kama mdogo wake anakula wali mwekundu, kwa maana huko ndio wanaoupika. Baada ya hapo wakazungumza mambo ya kawaida: baridi ya mwezi wa Thai, sweta, kama mbwa wao anauma. Nchi iliyokuwa na moto na miguu inayokimbia ikaanza kuwa na mbwa, na wali mwekundu, na mlango wa mbele unaokwaruza sakafu. Palaniyandi aliuliza kuhusu mlango ule mara mbili.

Simu ilipokatika, alinawa mikono. Nilimuuliza kama bado anaogopa.

"Naogopa," alisema. "Lakini sasa ni woga wa kawaida tu, wa ndege."

Alfajiri iliyofuata nilikuwa naenda kuchota maji bombani, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia kabla sijamwona. Viatu vipya hulia. Palaniyandi alipita mbele yangu amevaa veshti, nguo ya kujifunga kiunoni, jeupe lililopigwa pasi na shati la mikono mirefu lililoficha mikono yake iliyoungua. Amebeba sinia la shaba: nazi, ndizi, tambuu, popoo, maua, na juu ya vyote, varki za kwanza za siku ile, zikitoa mvuke. Alivuka barabara, akapita kibanda cha chai kilichofungwa bado, akasimama mbele ya mlango wa Vellaichamy na dada yake, akabisha.

Wanawake wa bombani wakaacha ndoo zifurike.

Vellaichamy alitoka na blanketi mabegani, akatazama sinia, akatazama shati. "Na mchumba wako wa Siloni?"

"Amenikataa," Palaniyandi alisema, na akalisema kwa fahari, kaloni yote ikisikia. "Nimekuja kumwomba dada yako. Nataka mwezi wa Thai nifike kule na mke, anishikie shada."

"Dada yangu ni mjane. Hilo unalijua. Watu watasema. Inabidi nikae na wazee, nifikirie, nim..."

Pechiyammal akatokea nyuma yake, nywele bado hazijafungwa. Akamsogeza kaka yake pembeni kwa kiwiko, akalipokea sinia kwa mikono miwili, akaingia nalo ndani.