Neema Ndani ya Kabati la Mwanga

Februari 2008. Tuliondoka Mau Narok kwa ajili ya ngozi ya binti yangu Neema, mwenye miaka minane. Mabaka meupe ya mgongoni, ambayo sisi tulidhani ni choa, yalikuwa saratani adimu ya ngozi. Ilikuwa bado changa, na matibabu ya mwanga yangeweza kuituliza. Lakini fujo za baada ya uchaguzi zilifunga barabara, akayakosa kwa wiki nyingi. Niliogopa kwamba mwanga peke yake hautatosha tena.

Njia ya Njoro, asubuhi. Jirani alitubeba kwenye pikapu yake ya viazi. Nyumba za kando ya barabara hazikuwa na mapaa, ila nguo zilikuwa bado kambani, hakuna wa kuzianua. Neema akapunga mkono kuelekea mlango mmoja, akitabasamu. Hapakuwa na mtu. Jirani aliongeza mwendo.

Nakuru, siku ya pili. Dada yangu Rhoda, mwenyeji wetu, alimpaka Neema mafuta ya kukamulia ng'ombe mwili mzima, akang'aa.

"Hawezi enda kwa daktari akiwa amepauka. Watu watasema hana wenyewe."

Hospitalini, muuguzi alimgusa mkono, akaguna. "Mzee, nani alimpaka hii mafuta? Inazuia mwanga. Mwoshe kwanza."

Nikamwosha kwa maji baridi huku analia. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Akavishwa miwani nyeusi, akaingia kwenye kabati refu lenye taa kila upande. Mashine ikaanza kuvuma. Nilichungulia kidirishani. Katika mwanga ule wa zambarau ngozi yake ilikuwa rangi ya majivu, midomo myeusi, na mabaka yaling'aa. Nilihisi aliyemo mle ndani ni mtoto mwingine, si wangu. Niliita, "Neema! Neema!" Hakujibu. Niliita mpaka mashine ikanyamaza.

Daktari alimpapasa mgongo. "Mabaka hayajakuwa magumu. Mwanga bado unatosha, lakini hakuna kukosa tena."

"Basi akae kwangu," Rhoda akasema tuliporudi kwake nikamweleza. "Barabara yenu haiaminiki."

Jioni, wakati wa kuagana, Neema alinivuta koti.

"Baba, ukikuja tena usiniite-ite kule ndani. Nilikuwa tu sawa. Vile uliniita, ndio nikaogopa."

Nilirudi Mau Narok peke yangu, nikijua sasa kwamba hofu aliyoibeba mle ndani ilikuwa yangu. Safari iliyofuata nilisimama kando ya kabati, kiganja mdomoni, mpaka mlango ukafunguliwa.